Ukuta wa Nje wa Chongoni

Mwalimu Asheri alikuwa na kanuni moja, na aliirudia kila Jumamosi mpaka tukaikinai: usiandike usichokiona, na ulichokiona usikifute. Alikuwa Mbondei, Mkristo, na kabla ya kuja kufundisha shule yetu ya Chongoni, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani, alibeba mnyororo wa wapima ardhi kwa miaka kumi na mmoja. Mnyororo ule ulimwingia kichwani ukakataa kutoka. Ukimwambia nyumba ya fulani iko karibu, atakuuliza karibu futi ngapi.

Mwaka wa hamsini na sita alianzisha chama cha vijana cha mambo ya kale. Tulikuwa tisa, wa miaka kumi na tano hadi kumi na saba, na tulijitolea bure, kwa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Kazi ilikuwa kumsaidia kuchimba na kupima magofu yaliyo nyuma ya kijiji: msikiti usio na paa, makaburi matatu ya mawe, na kipande cha ukuta wa mji kilichobaki kimo cha kiuno. Wazungu walikuwa wameandika kwamba Chongoni ya zamani ilikuwa kijiji kidogo cha wavuvi. Mwalimu Asheri alikasirishwa na neno hilo kana kwamba ametukanwa yeye. Alitaka kuonyesha kwamba ulikuwa mji.

Baba yangu, Maalim Miraji, alisomesha chuo cha Kurani hapo kijijini. Watu walishangaa aliponiruhusu mimi, Sabiha, binti yake wa pekee, kushinda juani na wavulana chini ya mwalimu Mkristo. Sababu yake ilikuwa dira. Mwalimu Asheri alikuja nyumbani siku moja na dira yake, akampeleka baba kwenye ule msikiti wa kale na kumwonyesha kwamba kibla chake kimenyooka sawasawa. Baba alirudi ametabasamu, jambo lisilomtokea mara nyingi. Tangu hapo wakawa marafiki, maana baba naye alikuwa mtu wa kipimo. Neno lake likishatoka halirudi ndani, hata kama linamkata yeye mwenyewe.

Na kuna neno alilokuwa amelitoa miaka miwili kabla. Mama yangu, Semeni, alizaa watoto watano, na aliyebaki ni mimi. Kaburi la katikati kule magofuni watu waliliita la Sharifu, na wanawake wenye haja zao walikwenda kufukiza ubani na kumwaga marashi. Baba alisema huko ni kumshirikisha Mungu. Siku aliyomkuta mama anarudi kutoka huko, nguo zake zinanukia moshi wa udi, hakupiga kelele. Alimwambia mbele yangu na mbele ya nyanya yangu: "Ukitia tena mguu wako ndani ya mji ule, nimekuacha talaka tatu." Sote tulielewa. Talaka tatu zikishapita hakuna kurejeana. Mke anakuwa haramu kwa mumewe, na atakayezaliwa baada ya hapo si mtoto wa ndoa. Baba aliondoka akaenda kusali, na mama akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka uliofuata tulimzika mdogo wangu wa mwisho, naye hakufikisha hata arubaini. Ilipita miezi miwili. Halafu asubuhi moja, baba yuko chuoni, aliniambia nimfuate. Alikuwa na chetezo kilichofungwa kwenye kitambaa, kile cha udongo chenye miguu mitatu alichokuja nacho harusini. Tulipita njia ya barabarani mpaka penye kisiki cha mkwaju, na hapo akasimama. Ukuta wa mji ulikuwa mbele yetu, hatua kama thelathini. Mama alisema yeye haingii, kwa kuwa ameapiwa, lakini mimi sikuapiwa. Akanifundisha maneno ya nadhiri, akaniambia nifukize kisha nikizike chetezo chenyewe kando ya kaburi, chini sana, ili baba asije akakiona. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nguvu za punda. Nilichimba mpaka mkono ukapotea kwenye shimo, nikafukia, nikakanyagakanyaga. Nilipogeuka, mama alikuwa bado kwenye kisiki, amejitanda kanga na mikono ameiweka tumboni.

Sasa niambie, mtu mwenye jambo kama hilo anajiunga vipi na chama cha kuchimba mahali palepale? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka kukilinda. Tena Mwalimu Asheri alikuwa ameahidi kwamba hatachimba kaburi hata moja, nami nilimwamini. Hakuvunja ahadi. Alichofanya ni kupitisha mtaro hatua mbili kutoka kaburini, akitafuta ngazi za msikiti.

Aliyekipata ni Manase, kijana mmoja ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kukata mkonge. Aliita kwa sauti ya chini, kama tulivyofundishwa, na sote tukaenda. Kilikuwa kimelala ubavu kwenye udongo uliojaa vigae vya kale, maana bila kujua nilikuwa nimechimba kwenye jalala la watu wa zamani. Mwalimu Asheri alishuka mtaroni, akakisafisha kwa brashi, akakipima kina: futi mbili na inchi tano. Akakiinua polepole kwenye mwanga. Mguu mmoja ulikuwa umewahi kuvunjika na kuungwa kwa sandarusi, ile gundi ya mti. Akatuonyesha. Akasema hebu tazameni ustadi wa wazee wetu, miaka mia nne au mia tano iliyopita, na bado imeshika.

Aliyeuunga ule mguu ni baba. Nilikuwa nimekaa pembeni yake siku alipoyeyusha ile sandarusi jikoni, akaunguza kidole na kukinyonya.

Nilitakiwa kusema palepale. Mdomo wangu ulifunguka, nakumbuka. Lakini kusema ni kueleza nani alikileta na kwa nini, na Mwalimu Asheri hawezi kusikia jambo asiliandike, na akiliandika baba atalisoma, kwa kuwa alilisoma daftari letu la machimbo kila Jumapili kwa raha zake, barazani, na kikombe cha kahawa. Nikafunga mdomo. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, nikapewa kalamu niandike kikaratasi chake: Namba 41, chetezo, cha kale sana. Hiyo kanuni ya kutoandika usichokiona nilianza kuivunja siku ile, kwa mwandiko mzuri.

Nilifikiria kukiiba. Mwalimu alikitia kwenye sanduku la bati na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Nilifikiria kukivunja, lakini hata vipande vingehesabiwa. Kisha Mwalimu akatangaza kwamba mwisho wa muhula kutakuwa na maonyesho shuleni, wazazi wote wataalikwa, na wageni kutoka Tanga mjini. Barua ya kumwalika baba aliipeleka mwenyewe, kwa heshima. Baba akasema atakuja, inshallah, baada ya adhuhuri.

Nikamwambia mama. Alikuwa anakuna nazi, na mkono wake ukasimama juu ya mbuzi. Nilitegemea atalia. Badala yake alifikiri kidogo, kisha uso wake ukatulia kabisa.

"Ataudhika," alisema. "Ataudhika sana, na weye atakuchapa kwa maneno. Lakini hawezi kuniacha. Aliapa nisitie mguu ndani ya mji. Miye sikuingia, mwanangu. Nilisimama penye kisiki, nje ya ukuta, na weye shahidi wangu."

Akaendelea kukuna nazi. Ilikuwa kweli tupu. Ukuta uko kule, kisiki kiko huku, na baba ni mtu wa neno lake: alisema ndani, na nje si ndani. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Manase apate kile chetezo.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Asheri alitupeleka upande wa barabarani. Alikuwa ameona nyasi zimekauka kwa mstari, mbali na ule ukuta unaoonekana, na akasema nyasi zikikauka kwa mstari chini kuna mawe. Tulichimba. Saa tano Manase akagonga jiwe, kisha jingine kando yake, yameungwa kwa chokaa. Ulikuwa msingi wa ukuta mpana kuliko ule wa kwanza. Mji ulikuwa na ukuta wa pili, wa nje, uliozama ardhini watu wakausahau.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kijiji cha wavuvi hakijengi kuta mbili. Alituambia tuufuate uelekeo wake, futi kwa futi, tuone unapita wapi, na mimi nikapewa kushika kichwa cha mnyororo kwa sababu nilikuwa makini.

Kutoka pale tulipoanza, niliweza kukiona kisiki cha mkwaju. Kilikuwa mbele yetu, upande wa kushoto kidogo. Kama ukuta ungepinda kulia tu, au ungekwisha, kisiki kingebaki nje. Sijapata kuomba dua kama nilivyoomba siku ile, na mnyororo mkononi. Niliomba ukuta uishe. Kila tulipochimba shimo jipya niliomba litoke tupu, na kila shimo likatoka jiwe. Wenzangu walishangilia. Nilishika mnyororo nikatembea, nikasimama Mwalimu aliponiambia simama, nikachomeka kijiti, nikatembea tena. Tulikipita kisiki. Ukuta ulipita ng'ambo yake, upande wa barabara, ukaendelea hadi ukakaribia jiwe la maili, ndipo ukapinda.

Mwalimu aliagiza kisiki nacho kipimwe, kwa kuwa ni alama nzuri ya kudumu. Nilivuta mnyororo kutoka msingini hadi kwenye kisiki na kusoma mwenyewe. Futi kumi na moja, kwa ndani.

"Sabiha, mwanangu, leo umeukuza mji wetu," Mwalimu Asheri alisema, akanishika mkono. Nilikwenda nyuma ya kichaka nikakaa chini. Walidhani ni jua, wakanipa maji.

Mama sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba palepale aliposimama mwaka uliopita akijiona salama, ndipo alipogeuka mtu mbali, si mke wa mtu? Alikuwa anampikia baba, anamfulia kanzu, analala kitandani kwake. Yeye alikuwa na amani, na kila nilipomtazama nilihisi ni mimi niliyeuleta ule ukuta. Nilianza kumkasirikia Mwalimu Asheri, na nyasi, na watu wa kale wenyewe, wajinga wale, kuta mbili za nini. Ramani ya maonyesho nilipewa mimi niichore. Nikaichora, na kisiki nikakiweka palepale kilipo, kwa sababu Mwalimu alikuja na kupima juu ya karatasi kwa rula.

Siku ya maonyesho darasa lilijaa. Meza zilipangwa ukutani, na vitu juu yake, kila kimoja na kikaratasi chake. Mama alikaa nje kwenye mikeka na akina mama wengine. Baba aliingia na wazee wawili wa msikitini, akawasalimia watoto wote, tukamwambia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba. Alitazama vigae. Alitazama shanga. Akafika namba arobaini na moja akasimama.

Alisimama muda mrefu mpaka wale wazee wakampita. Aliinama, akausogelea ule mguu, bila kuugusa. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho na kuniita. Nilisema labeka, nikaenda.

"Huu mguu nimeuunga mimi," alisema kwa sauti ya mtu anayenong'ona msikitini.

"Ndiyo, baba."

"Nani alikizika?"

"Mimi, baba. Kwa mikono yangu."

"Nani alikutuma?"

Sikuweza kusema hakuna. Msichana wa miaka kumi na minne hajui nadhiri za watu wazima, na yeye alilijua hilo. Nikasema mama ndiye aliyenituma, lakini hakuingia, alibaki nje akinisubiri.

Baba alifumba macho. Nilimwona akipumua. Nilitambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika wiki zote zile za kujihurumia, kwamba naye alikuwa anaogopa. Neno lile alilitoa mwenyewe, na sasa lilikuwa limemsimamia mbele ya meza, na hakuwa na njia ya kulikwepa zaidi ya jibu langu. Akanishika bega akanipeleka kwenye ramani.

"Nionyeshe alipokuwa amesimama."

Nilitazama ramani yangu. Baba aliweka kidole chake juu ya mstari wa nukta, akauliza huu ni nini. Nikamwambia ni ukuta wa nje, ule tuliouchimbua. Akaufuata kwa kidole mzunguko mzima, polepole, kama anavyowafuatisha watoto herufi. "Kwa hiyo mji unaanzia hapa," alisema. Nikasema ndiyo. Angekuwa mtu mwingine angesema mimi niliapa juu ya ukuta ninaoujua. Baba hakuwa hivyo. Ndani ni ndani.

Kisiki kilikuwa pale kwenye karatasi, duara dogo jeusi, na jina lake kando kwa mwandiko wangu mzuri. Nyuma yangu Manase alikuwa anawaeleza wageni jinsi tulivyopima. Kupitia dirishani nilisikia mama anacheka na wenzake, hajui lolote. Niliinua kidole. Nilikipitisha juu ya kisiki, nikauvuka mstari wa nukta, nikakiweka barabarani.

"Hapa," nilisema. "Penye jiwe la maili."

"Una hakika?"

"Wallahi, baba."

Sikuambiwa niape. Niliapa mwenyewe, kwa sababu nilimwona anataka niape. Mabega yake yakashuka, akasema alhamdulillahi, tena akairudia. Wakati huohuo Mwalimu Asheri alikuja na furaha zake, akamwomba Maalim awaambie wageni neno moja juu ya kile chetezo, kwa kuwa yeye anazijua desturi za zamani. Baba alikitazama kwa mara nyingine. Angeweza kumwaibisha Mwalimu, na mimi, na nyumba yake mwenyewe. Aliwaambia wageni kwamba mwenye chetezo kile alikuwa na haja kubwa, na kwamba Mungu pekee ndiye wa kuombwa. Wakampigia makofi.

Nyumbani alimsema mama kwa ukali juu ya nadhiri, akatusema wote wawili, na mama akakubali makosa ameinamisha kichwa. Yalikuwa maneno ya mume kwa mke. Baadaye mama alinikuta kisimani. Akaniuliza baba alinihoji nini. Nikamweleza, na nilipofika kwenye jiwe la maili akaniangalia.

"Miye nilisimama penye kisiki," alisema.

"Ni mamoja, mama. Vyote viko nje."

Akaridhika. Kwa nini asiridhike? Mtoto wake alikuwa ndiye mpimaji.

Niliacha chama mwezi uliofuata, nikasema kichwa kinaniuma juani. Mwalimu Asheri alikuja mara mbili kunibembeleza, na mara zote mbili nilijifungia chumbani. Nyumba ile ilinibana. Kila baba alipomwita mama mke wangu, nilisikia. Kila mlango wao ulipofungwa, nilihesabu ni dhambi ya nani. Pengine sheria ina njia ya kumwokoa mtu aliyeivuka mipaka bila kujua. Vitabu vya baba vilijaa rafu nzima, na ndani yake lazima kulikuwa na jibu. Lakini pale Chongoni mtu mmoja tu ndiye angeweza kunisomea, naye ni baba. Nilijaribu mara moja kumuuliza, kana kwamba ni habari za watu wengine. Akaweka kitabu chini akaniuliza, watu gani? Nikasema nimesahau.

Mwaka ule mama alishika mimba. Alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti, na siku arubaini zikapita naye yupo. Siku ya akika walichinja mbuzi wawili, na nyumba ikajaa watu. Baba alimpa jina Msafiri. Alikuwa analia waziwazi, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata makaburini. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama, akanipa mimi nimpakate, akawaambia watu wote kwamba kuna siku nyumba hii ilikuwa imebaki uzi mmoja ikatike, na aliyeishika ni binti huyu.

Kisha akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akulipe, Sabiha," alisema, "kwa ukweli wako."

Mama alikuwa ananitazama kutoka kitandani anatabasamu. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Watu walikuwa wananisubiri, nikaitikia amina.